Barua kwa Hamadi, aliyeshukia Makambako

Kikwajuni, Unguja
Jumatatu, baada ya Isha

Sahibu yangu Hamadi,

Assalaam aleikum wa rahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Bi Zuwena na watoto, na kwamba duka linakwenda. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ukiacha mafua tuliyoyapakia Njombe ambayo mpaka leo yamekataa kushuka garini. Makame anakusalimu. Mzee Haji naye anakusalimu na anakukumbusha ile nyundo yake.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka miwili ya kimya, na najua pia kwamba simu yangu huipokei, jambo ambalo sikulaumu hata kidogo. Ndiyo maana nimempa Faki barua hii aje nayo kwa boti ya kesho ya Pemba, nikamsihi akukabidhi mkononi na asiondoke hapo dukani mpaka akuone umeifungua. Nina ombi, lakini sitalitaja sasa hivi, kwa sababu nikianza nalo utaichukua karatasi hii ukamfungie mtu misumari ya robo kilo.

Tumerudi juzi kutoka nusu ya kwanza ya ziara. Tumefanya maonyesho saba kwa siku 16: Dar mara mbili, Morogoro, Njombe, Songea, Mbeya na Iringa. Gari ni Coaster ya kukodi, viti vya nyuma vimeng'olewa ili vyombo vipate pa kukaa, na vyombo ndivyo vinavyokaa vizuri kuliko watu. Siku moja nilijaribu kupiga hesabu. Kutoka Songea mpaka Mbeya tulikaa garini saa 11, pamoja na pancha mbili na dereva aliyetaka kununua viazi kila palipokuwa na viazi; tukashusha vyombo na kuvifunga kwa saa tatu; tukapiga muziki kwa dakika 70; kisha tukavifungua na kuvipakia tena mpaka saa nane ya usiku. Mama yangu akiulizwa na majirani mwanawe anafanya kazi gani, hujibu kwamba yuko katika usafirishaji. Zamani jibu hilo lilikuwa likinikera sana, lakini sasa naona kwamba katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyeielewa bendi yetu. Mimi ni hamali, Hamadi, hamali ambaye mara moja kwa siku hupewa gitaa ashike kwa muda wa saa moja na dakika kumi.

Bandarini Dar walitusimamisha kama kawaida. Bwana mmoja alitaka stakabadhi ya kununulia ile amplifaya kubwa ya besi, ile uliyoifunga mkanda wa baiskeli, na nilipomweleza kwamba chombo hicho kina umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe, alikikagua pande zote nne, akaugusa mkanda wako, akatuonea huruma na kuturuhusu kupita.

Mabango nayo yana kisa chao. Kule Morogoro mwandalizi alichapisha bango lenye uso wa Freddie Mercury, masharubu yake peke yake yakiwa mapana kuliko majina yetu watano tukiunganishwa, na chini yake pameandikwa kwamba wanawe wamefika. Mtu mwenyewe alizaliwa hapa mjini tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964 kwenda Uingereza, na mimi babu yangu alikuwa akiuza samaki Mkokotoni. Lakini kila tukisema kwamba sisi ni bendi ya roki kutoka Zanzibar, hakuna anayetuuliza swali la pili. Wote wanataka tuimbe nyimbo za Queen, na sisi tunaujua wimbo mmoja, tena nusu, kwa sababu nusu ya pili ulikuwa ukiiimba wewe. Makame anapenda kutusimulia kwamba ziara ya mwisho ya Queen pamoja na Freddie, mwaka 1986, ilikuwa na maonyesho 26 tu na kwamba ilimalizika Knebworth tarehe 9 Agosti. Husema "tu" kwa sauti ya mtu ambaye hata yeye angeyamaliza 26 bila ya jasho, kisha hulala mdomo wazi mpaka Mikumi.

Huyo Makame, kwa taarifa yako, safari imemwingia mpaka kwenye ibada. Tumezoea kusali kasri njiani, rakaa nne tukizifupisha kuwa mbili kama wasafiri, na juzi aliporudi kwao alisimama barazani akasali Adhuhuri, akatoa salamu kwenye rakaa ya pili. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, akamuuliza kwa upole, "Unasafiri kwenda wapi tena, mwanangu?"

Jambo moja nilitaka ulijue, na nakiri kwamba lilinifanya nikukumbuke kabla hata ya hili lililonikalisha kuandika. Unakumbuka ulivyokuwa ukituambia kwamba gitaa lililokaa Unguja limekunywa bahari? Tulipofika nyanda za juu katika kipupwe hiki, ile hewa kavu ikaanza kuzikausha mbao, shingo ya gitaa langu ikanyooka kupita kiasi, na nyuzi zikawa zinagusa vyuma na kulia kama nzi aliyefungiwa chupani. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua la kufanya, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa yako kwa vyombo vyote na sisi tulidhani kwamba vyombo hujitengeneza vyenyewe usiku. Nikafungua lile kasha la biskuti ulilolisahau na kukuta ule ufunguo mdogo wa pembe sita umeufunga kwa kitambaa. Nikalegeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, nikasubiri mpaka asubuhi kama ulivyokuwa ukifanya, nikalegeza tena kidogo. Gitaa likapona. Sikumwambia mtu yeyote nilijifunzia wapi, na nadhani wote walijua.

Sasa nifike kwenye lenyewe, maana nimeshazunguka vya kutosha.

Bi Mwana, mzee wetu wa Donge, amefariki. Yawezekana habari zimeshakufikia, kwani yeye mwenyewe alikuwa akikuhesabu kuwa mwanawe tangu Idi ile uliyomaliza sinia la bokoboko peke yako. Alifariki Ijumaa alfajiri, nasi tulikuwa Iringa. Simu iliponifikia ilikuwa saa 12 na nusu asubuhi, tumelala watatu chumba kimoja gesti, na ndugu yangu akaniambia kwamba maziko ni baada ya Sala ya Ijumaa. Nilikaa kitandani nikihesabu njia: kutoka Iringa mpaka Dar ni takribani kilomita 500, kuna mteremko wa Kitonga na malori yake, kuna Mikumi ambako huwezi kukimbiza gari kwa sababu ya wanyama, na ukishayamaliza hayo yote unaikuta bahari imelala mbele yako inangoja ratiba ya boti. Nilihesabu mara tatu. Ilipofika ya nne, Sele aliamka, akaniuliza, nikamweleza. Akanishika bega, akaniambia kwa upole kabisa, "Hata ukienda, kaka, utakuta wameshazika."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa akinirudishia maneno yangu mwenyewe. Alikuwepo garini siku ile Makambako, nyuma yako, alipokuwa bado mpya na akichukua kila nisemalo kuwa ndiyo sheria ya bendi, na akanisikia nikikuambia maneno hayo hayo kuhusu mzee wako, pungufu ya ule upole. Wewe hukunijibu. Ulimgongea dereva, ukashuka na begi la besi mgongoni, ukavuka barabara kwenda kusubiri basi la upande wa pili. Mimi niliwaambia wenzangu kwamba utarudi ukishatulia, na baadaye, usiporudi, niliwaambia kwamba umetuacha jangwani. Maneno hayo ya pili nilikuambia na wewe mwenyewe kwa simu, ukiwa matangani. Naomba uniwie radhi. Nimeuandika mstari huu mara nyingi kwenye karatasi nyingine na kuzichana, kwa sababu kila nilipouandika nilijikuta nikiongeza "lakini". Safari hii siongezi.

Usiku ule wa Ijumaa nilipanda jukwaani. Nilipiga vizuri, Hamadi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ningalikosea, ningalikata waya, ningaliimba kwa sauti ya kukwama, ningalijua kwamba kuna kitu ndani yangu kilichokwenda Donge na kuacha mwili Iringa. Badala yake vidole vilifanya kazi yao, watu wakapiga makelele wakitaka wimbo mwingine, nasi tukawapa. Nilipoteremka nilikula chipsi mayai. Kisha nikabeba vyombo.

Nimekwenda Donge jana. Kaburi limeshaanza kukauka udongo, na watu wote walinipokea vizuri sana, vizuri kupita kiasi, kama mgeni aliyetoka mbali.

Jumbe, huyu kijana aliyechukua nafasi yako kwenye besi, hakusema neno lolote kutoka Iringa mpaka Dar. Tulipofika bandarini aliniita pembeni, akaniambia kwa heshima zote kwamba mama yake ni mgonjwa wa sukari, na kwamba aliponiona nilivyosimama jukwaani usiku ule aliamua kuacha, kwa sababu ameogopa kuwa na yeye ataweza. Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa mkono na pesa iliyobaki mfukoni, ambayo haikuwa nyingi, kwani mwandalizi mmoja, simtaji, alituahidi shilingi 900,000 na kutupa 400,000 na kreti mbili za soda.

Basi ombi langu ni hilo ambalo umeshalibashiri. Tumebakiwa na maonyesho matano: Tanga, Moshi, Arusha, Dodoma na kumalizia Dar. Hatuwezi kuyavunja, kwa sababu arbuni ya yote tumeshaichukua na tumeshaila. Yaani gia ya gari ndiyo iliyoila. Hatuna mpiga besi. Nakuomba uje utupigie siku 12 tu, kisha urudi kwenye misumari yako, na sitakuomba tena.

Sitakudanganya kwamba mambo yamebadilika. Kiti kilicho juu ya gurudumu bado kinapiga mgongo, Sele bado anaoka soksi juu ya injini, na wale wawili bado wanagombania dirisha la kushoto kama watoto wa chuoni. Walifikia hadi kutosemeana kutoka Makambako mpaka Songea, wakipitishiana maji kupitia kwangu. Kutoka Arusha hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 400 na tutaziendesha katika siku moja na kupiga usiku wake. Masikio ya Makame yanalia hata akilala, na hataki kuvaa vizibo. Nimekiweka wazi kila kitu kibaya, na naona nimeliharibu ombi langu mwenyewe, lakini sikutaka uje kwa kutokujua.

Lililobadilika ni moja dogo. Nimekaa na Sele na tumekubaliana kwamba nauli ya mtu mmoja kurudi nyumbani, ya gari na ya boti, itakaa ndani ya bahasha chini ya kiti cha dereva, na haiguswi hata kama tumeishiwa mafuta. Atakayepata habari atashuka na bahasha, na onyesho litapigwa bila yake au halitapigwa. Hakuna atakayemhesabia mtu saa. Kwa leo bahasha ina shilingi 60,000, ambazo hazitoshi, lakini nitazijaza kabla ya Alhamisi. Nimemwambia Mzee Haji aniuzie ile baiskeli.

Sasa niambie: ile besi bado unayo, au Bi Zuwena ameshaigeuza kamba ya kuanikia? Nyuzi zimeota kutu kiasi gani, na je, nikununulie seti mpya hapa mjini au unazo? Unaukumbuka ule mpito wa wimbo wa tatu, pale tunapoingia wote halafu wewe unachelewa kwa makusudi? Karafuu mmeanza kuchuma, na kama mmeanza, nani atakushikia duka? Bi Zuwena atasemaje, na je, nimwandikie yeye barua ya peke yake, kwani najua kwamba ananihofia kuliko wewe? Na mzee wako, kaburi lake liko Wete pale pale kwa babu zenu, au mlimzika Kambini? Hili sikupata kukuuliza kamwe.

Boti yetu ya Dar ni Alhamisi asubuhi. Faki anaondoka Mkoani Jumatano, kwa hiyo una siku moja ya kufikiri. Kiti cha mbele, karibu na dereva, ni chako mpaka mwisho wa safari, nimeshawaambia wote na hakuna aliyebisha.

Kama huji, basi mpe Faki nyundo ya Mzee Haji.

Wako,
Khatibu