Barua ya malalamiko: mfumo wa kupoza injini haukusafishwa kama mlivyoandika

Kwa Meneja wa Huduma,

YAH: KULIPISHWA USAFISHAJI WA MFUMO WA KUPOZA INJINI AMBAO HAUKUKAMILIKA

Ndugu Meneja,

Nalalamikia kazi mliyoifanya kwenye gari langu, pamoja na maneno mliyoyaandika kwenye karatasi ya kazi baada ya kuifanya. Karatasi hiyo ina muhuri wenu na inasema: "Mfumo wote umesafishwa, kulanti ya zamani imetolewa yote, kulanti ya muda mrefu imewekwa." Kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini, haikutolewa yote ile ya zamani. Leo ndani ya injini mna tope la kahawia ambalo halikuwamo gari lilipoingia kwenu. Naambatanisha nakala ya karatasi hiyo, picha za kilichotoka, na maelezo ya maandishi ya fundi mwingine aliyefungua mfumo baada ya gari kuanza kuchemsha.

Mnakumbushwa nilichoagiza, kwa sababu kimeandikwa kwenye fomu yenu wenyewe. Gari lilikuwa na kulanti ya kijani ya aina ya zamani, yenye silikati (dawa ya madini ya kuzuia kutu), iliyowekwa na mwenye gari aliyenitangulia. Kitabu cha gari kinataka kulanti ya asidi za kikaboni, ambazo ni aina nyingine ya dawa ya kutu, isiyo na silikati. Nilimwonyesha mpokeaji wenu ukurasa unaosema hivyo, akausoma, akaandika "badilisha aina". Maneno hayo mawili ndiyo yanayoitofautisha kazi niliyolipia na kazi ya kujaza rejeta. Anayeweka kulanti ya aina ileile anaweza kubakiza kiasi cha ile ya zamani na asipate hasara kubwa. Anayebadilisha aina hana nafasi hiyo, na ndiyo maana nilikubali kulipa zaidi.

Nilipopiga simu kulalamika, msimamizi wa karakana yenu aliniambia kwamba kulanti ni kulanti, tofauti ni rangi tu. Nimeiandika kauli hiyo hapa makusudi, kwa kuwa naamini ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata, na mtu mwenye madaraka ya kusimamia mafundi hapaswi kuisema. Rangi hutiwa na mtengenezaji ili kulanti itambulike na uvujaji uonekane kwa urahisi. Hakuna kanuni inayowafunga watengenezaji wote kutumia rangi moja kwa aina moja. Volkswagen peke yao walikuwa na kulanti iitwayo G11, ikaja G12 nyekundu ambayo haikutakiwa kabisa kukutana na G11 kwa sababu mchanganyiko wake uligeuka kahawia, kisha ikaja G12+ inayochanganyika na zote mbili. Hao ni watengenezaji wa gari wa kampuni moja, na bado fundi anayefuata macho yake badala ya kusoma kilichoandikwa kwenye dumu angepotea.

Kinachozitenganisha kulanti ni dawa za kuzuia kutu. Msingi wa karibu zote ni mmoja, ethilini glikoli na maji. Silikati hutandaza utando juu ya metali yote inayoguswa na maji, tena haraka, na kwa sababu hiyo huisha haraka: kwa kawaida miaka 2 au kilomita 50,000 hivi. Asidi za kikaboni hushughulika pale tu ambapo kutu inaanza kula, kwa hiyo hazitumiki ovyo, na kulanti yake inauzwa kwa ahadi ya miaka 5 au kilomita 240,000. Ukizichanganya hupati sifa za zote mbili. Unabaki na dawa pungufu za kila upande, na ile miaka 5 haipo tena. Unapaswa kuhesabu kama umeweka kulanti ya zamani, au chini ya hapo. Si kila mchanganyiko unaogeuka tope. Mara nyingi hasara yake haionekani hadi siku pampu ya maji inapoanza kuvuja au alumini ya silinda hedi (kichwa cha injini) inapokutwa imelika. Kwenye gari langu silikati zilijitenga na kuganda kama uji uliopoa, zikashikamana kwenye matundu membamba ya hita na chini ya tanki la akiba la kulanti.

Sasa niseme kilichofanyika karakana kwenu, kadiri ushahidi unavyoonyesha.

Fundi wenu alifungua kizibo cha chini cha rejeta na kuacha kilichomo kitoke. Kizibo cha bloku ya injini, yaani mwili wa injini wenyewe, hakikuguswa. Fundi wa pili alikikuta kikiwa na kutu na vumbi la zamani lisilo na alama hata moja ya spana, na picha yake ni ya kwanza katika kiambatanisho. Hili si jambo dogo. Kulegeza kizibo cha rejeta peke yake hutoa takriban nusu tu ya kulanti katika magari mengi. Nusu nyingine inabaki kwenye bloku, kwenye hita na kwenye mabomba. Baada ya hapo mlijaza maji mara moja, mkawasha injini, mkamwaga tena kupitia palepale, mkaweka kulanti mpya iliyokwisha kuchanganywa kiwandani nusu kwa nusu. Hayo aliyasema fundi wenu mwenyewe nilipomuuliza, na alisema kwa nia njema, akidhani ameniridhisha.

Tufanye hesabu pamoja. Mfumo wa gari langu unachukua lita 8. Mlipomwaga, lita 4 za kulanti ya kijani zilibaki. Mlipojaza lita 4 za maji, zikachanganyika. Mlipomwaga tena, zikabaki lita 4, nusu yake kulanti ya kijani na nusu maji matupu. Juu yake mkamimina lita 4 za kulanti mpya. Maana yake robo nzima ya kilichomo kwenye injini ni kulanti ileile niliyolipa iondolewe. Pia, lita 2 za maji zilizonasa ndani zimeipunguza nguvu glikoli: badala ya asilimia 50 inayotakiwa na kitabu, inabaki kama asilimia 37 au 38. Fundi wa pili alitia tone kwenye refraktomita (kifaa cha kupima nguvu ya glikoli) kabla hatujafanya hesabu yoyote, na kipimo kilionyesha chini kidogo ya asilimia 40. Sina haja ya kukisia mlichofanya; injini yenyewe imekitunza.

Kila fundi anayebadilisha kulanti kwa kuosha na maji anapaswa kujua kwamba maji yanayobaki ndani yanahesabika. Anaposafisha bila kufungua bloku, hamalizii kwa kulanti iliyochanganywa tayari. Anaweka ile nzito isiyo na maji, kiasi cha nusu ya ujazo wa mfumo, halafu anajazia maji yaliyokenekwa (yaliyoondolewa madini) hadi juu. Na kuosha kwenyewe kunarudiwa hadi yanayotoka ni meupe, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho wa joto na injini imepata moto wa kutosha thamostati (kilango kinachofunguliwa na joto ili maji yapite kwenye rejeta) kufunguka, ambao kwa kawaida ni kati ya nyuzi 82 na 90 za Selsiasi. Thamostati isipofunguka, maji yanazunguka kwenye bloku na hita tu, na rejeta inaoshwa kivyake. Kila mzunguko wa namna ile yenu unapunguza kilichobaki kwa nusu: nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita. Mkiona ni kazi ndefu, kipo kizibo cha bloku. Kilikuwepo hapo wakati wote.

Maji nayo. Msimamizi alithibitisha kwamba mliosha kwa hozipaipu ya bomba na hamkusuuza kwa maji yaliyokenekwa kabla ya kujaza. Maji ya bomba yana kalsiamu na magnesiamu, na yakiwa magumu huacha ukoko juu ya metali inayopata moto. Mbaya zaidi, madini hayo hushikana na silikati au fosfati zilizomo kwenye baadhi ya kulanti na kuzifanya zigande. Kwa hiyo mliacha silikati ndani, mkaongeza madini juu yake, mkafunga kifuniko, mkagonga muhuri.

Madhara yake yalianza kuonekana mapema. Hita ilianza kupuliza hewa baridi wakati sindano ya joto iko juu ya kawaida. Tanki la akiba likawa la kahawia. Kisha dada yangu akiwa na watoto garini, wakipanda mlima, sindano ikaingia kwenye nyekundu. Alizima injini mara moja na hakugusa kifuniko cha rejeta, na namshukuru Mungu kwa hilo. Mfumo huu hufungwa kwa mgandamizo wa takriban baa 1 ili kulanti ya nusu kwa nusu, ambayo ingechemka kwenye nyuzi 107 hivi, iweze kufika karibu 129 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa kikiwa na joto, mgandamizo unatoweka na yote yanachemka kwa mpigo, usoni mwa aliyefungua. Watoto wale walikuwa wamesimama pembeni ya boneti.

Mlipoletewa taarifa hiyo, jibu lenu la kwanza lilikuwa kwamba gari ni kuukuu. Jibu la pili, kwamba labda thamostati imekufa na mngeweza kuibadilisha kwa malipo. Jibu la tatu lilikuwa punguzo kwenye huduma ijayo. Nayakataa yote matatu. Thamostati ilitolewa ikachemshwa ndani ya sufuria mbele yangu, ikafunguka kwenye joto lake. Gari ni la miaka mingi kweli, lakini liliingia kwenu likiwa halichemshi.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu gari langu, nalo linanisumbua kuliko pesa. Siku nilipolileta gari, beseni la kulanti iliyomwagwa lilikuwa limeachwa wazi kwenye uwanja wenu, karibu na mabenchi ya wateja, bila mfuniko. Nilimwambia kijana aliyekuwa karibu, akalisogeza kwa mguu. Ethilini glikoli ni sumu yenye ladha tamu. Mtoto akiichovya kidole atarudia, na mbwa akiikuta ataramba. Ikishaingia mwilini hubadilishwa kuwa asidi zinazoharibu figo, na kiasi kidogo kinatosha kuua. Kulanti iliyotumika huwa pia imebeba metali kutoka kwenye injini. Haifai kuachwa wazi wala kumwagwa mtaroni. Inawekwa kwenye dumu lenye mfuniko na lebo, na kupelekwa panapopokelewa taka za namna hiyo. Hili ninawaomba mlirekebishe leo, kabla hamjamaliza hata kulijadili dai langu.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe malipo yote ya kazi ile, kwa kuwa kazi iliyoandikwa haikufanyika. Mlipe gharama za fundi wa pili za kufungua bloku, kutoa hita na kuiosha kwa dawa ya kusafishia, na kujaza upya kulanti iliyotajwa kwenye kitabu. Stakabadhi zake zimo kwenye kiambatanisho. Pampu ya maji na hedi gasketi (kizibo kati ya bloku na silinda hedi) zikaguliwe na mtu tutakayekubaliana sote, na ikithibitika kwamba kuchemka kule kumeziharibu, mzigo huo uwe wenu. Mnipe pia kwa maandishi jina kamili la kulanti mliyoweka na kiwango inachokidhi, kwa sababu karatasi yenu inasema "ya muda mrefu" peke yake. Dumu la kulanti ya gari dogo linalostahili kuuzwa huonyesha kiwango chake, kwa mfano ASTM D3306, na huonyesha imeidhinishwa kwa magari gani. Mteja asipojua kilichomo, fundi atakayefuata atajazia kwa kubahatisha, na tutarudi kwenye tope lilelile.

Naomba pia mpekue karatasi zenu za kazi. Kama utaratibu mlioutumia kwangu ndio utaratibu wenu wa kawaida, basi kila gari mlilolibadilishia aina ya kulanti limebaki na robo ya ile ya zamani, na wenye magari hayo wanatembea wakiamini wana miaka 5. Wapigieni simu warudi mfanye upya bila malipo. Mafundi wenu si wavivu. Yule kijana aliyelishughulikia gari langu alikuwa makini na mwenye heshima, alifunga kila kibano cha hosi sawasawa, na alifanya alichofundishwa. Aliyepaswa kumfundisha kuhusu kizibo cha bloku ndiye aliyeniambia tofauti ni rangi tu.

Nasubiri jibu la maandishi, si la simu, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Likikosekana nitapeleka dai hili, pamoja na viambatanisho vyote, kwa mamlaka inayoshughulikia haki za walaji. Chupa ya kulanti iliyotolewa kwenye injini yangu nimeihifadhi ikiwa imefungwa na kuandikwa tarehe, na fundi yeyote mtakayemtuma anaweza kuja kuchukua sampuli yake.

Wenu,
Mteja, mwenye gari lililotajwa kwenye karatasi ya kazi iliyoambatanishwa