Asante, kaka wa Mwanga

Wiki mbili nzima video zangu za gemu zilikuwa zinakwamakwama. Mchezaji anapiga shuti, ghafla mpira uko wavuni. Juzi hapa Kigoma, kwenye kibanda cha kuchaji simu pale Mwanga, kaka mmoja akaniambia, "Hebu lete hiyo laptop, mdogo wangu."

Akafungua OBS, programu ninayorekodia, akanionyesha prosesa inavyobeba gemu na kurekodi kwa pamoja. Kazi ya kurekodi akaihamishia kwenye kadi ya picha, kwa NVENC, yaani sehemu ya kadi za NVIDIA inayobana video, akashusha ubora wa video toka 1080p hadi 720p. Kisha akafungua kifuniko cha chini, akasugua feni taratibu kwa mswaki mkavu. Vumbi jekundu likamwagika kama unga.

Hela alikataa. Kaka, jina sikukuuliza. Jana nimerekodi nusu saa, haikukwama hata mara moja. Asante sana.