Barua kwa mwanangu: odio ya kwenye grupu ya kwaya

Lubumbashi

Mwanangu,

Umeniambia kuna odio ya siasa kwenye grupu ya kwaya, na unataka kuituma kwa wengine. Tena umeuliza kama mkristo anaweza kuwa na karti ya chama na bado akaimba kwenye kwaya. Anaweza. Luka 6:15 inamweka Simoni Zelote, mtu wa bidii kali kwa taifa lake, pamoja na Matayo mtoza ushuru, ambaye wenzake walimwona msaliti. Yesu aliwaita wote wawili.

Shida inaanzia kwenye neno tunalomwita jirani. Sisi wa Katanga hatuna sababu ya kujifanya hatujui. Mwaka 1992 Étienne Tshisekedi, Mkasai, alipochukua uwaziri mkuu wa Zaire mahali pa Nguz Karl-i-Bond, Mkatanga, ugomvi wa wakubwa ulishuka mpaka kwenye viwanja vya nyumba, na watu wa Kasai wakaitwa bilulu, wadudu. Jirani ana jina, ana deni dukani, ana mtoto aliyebatizwa siku moja na wako. Mdudu hana hayo, anafagiwa tu. Likasi, kisha Kolwezi, familia nzima zikalala kwenye vituo vya treni zikingoja kupelekwa Kasai. Waliofukuza na waliofukuzwa walisali Baba Yetu ileile.

Kwa hiyo odio ile usiitume bado. Isikilize mpaka mwisho, maana sumu mara nyingi iko mkiani. Anayesema ni nani? Yuko wapi, siku gani? Kama hakuna jina wala tarehe, ila kuna «tuma kwa ndugu kumi», iache. WhatsApp ikiweka mishale miwili juu ya ujumbe, maana yake umepita mikono mingi, na ndiyo sababu inakuruhusu kuutuma kwa grupu moja tu kwa mara moja. Picha ya maiti iogope zaidi: mara nyingi ni ya vita vingine, mwaka mwingine. Na ukitaka kukanusha, usiirudishe odio yenyewe. Wengine wataisikiliza bila kusoma maneno yako.

Ukishaituma, kuifuta hakutoshi, watu wamekwisha kuihifadhi. Andika kwenye grupu ileile, kwa jina lako: nilituma, si kweli, naomba msamaha. Hapa wengi wanageuza Matayo 18:15, inayosema ndugu akikukosea umwonye mkiwa wawili tu. Kosa la ndugu wanalitangaza mbele ya wote, kosa lao wanalirekebisha pembeni, kwa mtu mmoja.

Kazini ni pagumu zaidi, kwa sababu pale dhamiri ina mshahara na kodi ya nyumba. Katiba ya Kongo ya 2006, kipengele cha 28, inasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Lakini soma mpaka mwisho: anayekataa ndiye anayepaswa kuthibitisha. Wengi wanaangukia hapo. Wanakataa kwa mdomo, kwa hasira, kesho ripoti inasema walikuwa watoro. Wewe omba amri kwa maandishi. Usipopewa, andika mwenyewe barua fupi: tarehe, saa, nani aliagiza, nini, kwa nini huwezi. Kopi moja ipokelewe kwa mhuri, nyingine ikae nje ya ofisi. Usiiweke kwenye grupu.

Sikuahidi kwamba utapona. Floribert Bwana Chui alikuwa kazini OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, Goma, akakataa pesa ili vyakula vilivyoharibika visipite kwa walaji. Julai 2007 akatekwa na kuuawa, ana miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri, Roma. Alichokataa ni kutia sahihi kwenye karatasi, kazi ya dakika moja. Kama hatari ni ya kufa, usibaki nayo peke yako. Mwambie padri na mtu mmoja wa nyumbani siku ileile.

Padri au mchungaji akitaja chama kwenye mahubiri, usitoke katikati ya ibada kwa vishindo. Mfuate baadaye, mkiwa wawili tu, wewe na yeye.

Sasa maombi ya waamini. «Ee Bwana, wafungue macho wale wanaouza nchi» si ombi, ni mitingi iliyofumba macho. Kila mtu kanisani anajua «wale» ni nani, na wao wako benchi ya tatu. Ukiandika, msomee akilini mtu wa upande mwingine: ataweza kujibu «Ee Bwana utusikie» bila koo kukwama? Ombea waliouawa bila kuchagua kabila lao.

Naona zamu yako ya maombi hayo ni Jumapili. Nitumie karatasi Ijumaa, nitaisoma na mama yako.

Baba yako