Kwa nini hatukufungii samaki siku ile ile uliyompenda

Jumamosi jioni mteja aliinama mbele ya kioo cha tangi katika duka letu la samaki wa mapambo hapa Mombasa, akamwona kitatange mdogo, hata urefu wa kidole hafiki, mgongo rangi ya chungwa, mwili samawati iliyokolea. Huyu ni wa bahari yetu hii ya Afrika Mashariki, na akikua sana hazidi sentimita nane. "Huyu huyu, nifungie." Tukamjibu jibu linalowaudhi wengi: leo hatumfungi.

Tulikuwa tukifunga zamani. Mteja wetu mmoja wa Kizingo tulimuuzia kangaja wa samawati, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, siku ile ile samaki huyo aliposhushwa mashuani. Kosa letu. Siku ya sita akapiga simu: "Mbona samaki kama amenyunyiziwa chumvi?" Ile si chumvi, ni kimelea. Hukaa juu ya samaki siku chache, kisha huanguka mchangani, hujifunika ganda na kugawanyika, na ganda likipasuka hutoka watoto kwa mamia wakitafuta samaki wa kushika. Ndiyo maana madoa hupotea, mwenye tangi akashukuru Mungu, halafu yakarudi maradufu. Dawa ya shaba huviua vile vimelea vinavyoogelea, lakini huua pia kamba, konokono na matumbawe, kwa hivyo huwezi kuimwaga kwenye tangi lenyewe. Bwana yule alibidi ahamishe samaki wote na kuliacha tangi bila samaki zaidi ya miezi miwili. Kangaja alikufa. Pesa tulirudisha, aibu ikabaki.

Tangu hapo kila samaki hukaa kwetu wiki nne katika tangi la pembeni lisilo na mchanga, lenye vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Ukimpenda, unaacha arubuni, tunabandika jina lako kwenye kioo. Hatoki mpaka tumwone akila mwenyewe, si kuchungulia chakula tu.

Wiki hizo nne nawe una kazi. Tuletee maji ya tangi lako kwenye chupa safi, tuyapime bila malipo. Maji yetu kipimo cha chumvi husoma 1.025, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji matupu. Tunaletewa maji mengi yaliyopanda kupita hapo, hasa kuanzia Januari hadi Machi, nyumba zikiwa tanuri na feni inapuliza juu ya tangi mchana kutwa. Feni ni nzuri, inashusha joto, lakini maji yanayopungua ni maji matupu, chumvi inabaki. Jazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, usijazie ya bahari. Na wanaochota baharini, msichote baada ya mvua kubwa, hasa karibu na mikono ya bahari kama Tudor, ambako mitaro humwaga kila kitu.

Siku ya kumchukua, zima taa za tangi. Uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa, dakika kumi na tano, joto lilingane. Hapa watu hukosea kwa wema: huufungua mfuko wamzoeshe polepole. Samaki akiwa mfukoni hujisaidia na kupumua humo humo. Hewa chafu anayotoa huyafanya maji yawe na uchachu kidogo, na uchachu huo huipunguza makali amonia, ile sumu ya uchafu wake. Ukifungua mfuko, hewa ile inatoka, na amonia inaamka. Anayekaa Nyali, mwendo wa dakika chache, anaweza kudondosha maji ya tangi lake ndani ya ndoo yenye samaki na maji ya mfuko, kwa mpira mwembamba uliopigwa fundo, nusu saa hivi. Aliyekwama feri ya Likoni kwa saa mbili, au anayempeleka Nairobi, asijaribu. Mwambie fundi wetu mapema, tutalinganisha chumvi ya mfuko na ya tangi lako, wewe ukifika umtoe tu na umtie. Maji ya mfuko yamwage nje.

Wenyeji wa tangi nao hawapendi mgeni. Panga mawe upya kabla hajaingia, wote wapotee njia. Yule mgomvi wako mbandikie kioo cha kujitazamia nje ya tangi siku mbili tatu, agombane na sura yake. Na mgeni awe mmoja kwa mwezi: bakteria wanaokula uchafu ni kadiri ya samaki uliokuwa nao, sio ya uliowaongeza jana.

Kuna mmoja hatutakuuzia kwa tangi la lita mia mbili hata ukiacha arubuni ya dhahabu: kitatange mtoto mweusi-samawati mwenye mizunguko myeupe. Anavutia, lakini akikua hubadilika kuwa na mistari ya manjano na kufikia sentimita arubaini.

Yule wa Jumamosi ameshabandikwa jina. Jana alikula nyama ya kamba iliyosagwa, mara mbili, na bado ana wiki tatu. Mteja mwenyewe ameahidi kuja Alhamisi na chupa ya maji.