Ndoano ya keria ya baiskeli ifungwe kwenye chesisi, isichomelewe kwenye bampa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye magari madogo wa hapa Tabora, pamoja na mafundi wanaowahudumia, kuhusu jambo linaloenea mjini kwetu bila mtu wa kulisimamia. Ni kufunga ndoano ya tela nyuma ya gari, yaani chuma chenye tundu la mraba, ili ipachikwe keria ya kubebea baiskeli.

Jambo lenyewe nalifurahia sana. Mkoa wetu ni wa baiskeli, na familia iliyojaliwa kupata gari haiachi baiskeli zake kwa sababu hiyo. Kijana anayekwenda kushindana Shinyanga anahitaji baiskeli yake ifike nzima, na mwanafunzi anayerudi kwa babu yake Sikonge wakati wa likizo angependa aende nayo. Kuipandisha juu ya paa baiskeli ya Phoenix, ambayo huweza kufika kilo 20, ni kazi ya watu wawili, na mara nyingi paa hubonyea au kamba hulegea njiani. Nyuma ya gari ndipo mahali pake. Ninacholalamikia ni namna ndoano hizo zinavyofungwa kwa jina la unafuu, ilhali unafuu wa kweli upo na hauhitaji kuhatarisha maisha ya mtu anayekufuata barabarani.

Magari mengi tunayoyaagiza yakiwa yametumika kutoka Japani hufika bila ndoano. Iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya aina fulani ya gari ni ghali, na kwa kuwa ni chuma kizito, nauli ya kuisafirisha kutoka Dar es Salaam nayo haipuuziki. Hapo ndipo mwenye gari anapokwenda kwa fundi wa kuchomelea, ambaye kwa bei ndogo na kwa saa moja humkatia kipande cha bomba la mraba, akakichomelea kwenye mhimili uliomo nyuma ya bampa, akapaka rangi nyeusi, kazi ikaisha. Nimeiona Toyota Noah iliyofanyiwa hivyo katika gereji moja ya hapa mjini. Mchomeleo wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Ufa ulikuwa umeanzia kando yake, kwenye bati lililolainishwa na moto, ukawa umetambaa karibu nusu ya upana wa mhimili, na keria ikawa imeinama kiasi kwamba gurudumu la baiskeli ya mwisho lilikuwa likisugua lami kila gari lilipopanda tuta.

Mhimili wa bampa umetengenezwa ili ubonyee gari linapogongwa. Umeshikiliwa na bolti chache, na nguvu inayotarajiwa kuufikia ni ya kusukumwa kutoka nyuma. Haukutengenezwa ubebe mzigo unaoning'inia na kuupindua kwenda chini. Zaidi ya hayo, bomba linalotumika mara nyingi ni lile la kutengenezea milango na grili za madirisha, ambalo unene wa ukuta wake ni kama milimita 1.5, wakati ndoano ya kiwandani yenye tundu la mraba la inchi 2 huwa na ukuta wa karibu milimita 6. Tofauti hiyo haionekani kwa nje baada ya rangi kupakwa, na ndiyo maana mnunuzi hana budi kuiuliza kabla.

Wapo watakaosema kwamba baiskeli si tela, kwa hiyo ndoano yoyote inatosha. Hapa naomba nieleweke vizuri. Tukichukua baiskeli nne za kilo 20, pamoja na keria ya kilo 20, tunapata kilo 100. Tela inayoikandamiza ndoano kwa kilo 100 hukandamiza karibu sana na gari, tuseme sentimita 20 kutoka kwenye bolti, lakini kitovu cha uzito wa baiskeli zile nne kiko mbali zaidi, pengine sentimita 60. Nguvu ya kuipindua ndoano inakuwa mara tatu, ingawa kilo ni zilezile, kama vile ndoo ya maji inavyokuwa nzito ukiibeba kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuikumbatia. Kisha ongeza matuta ya kila kijiji katika njia ya kwenda Nzega, ambapo kila kishindo huuzidisha uzito huo kwa muda mfupi. Ndoano ndogo zenye tundu la inchi 1 na robo kwa kawaida hupewa kikomo cha kilo 90 hivi cha uzito wa kukandamiza, kwa hiyo mzigo wa baiskeli nne nzito umekwisha kuzipita hata kabla ya kukutana na tuta la kwanza. Baiskeli mbili zinatosha kwa ndoano ya namna hiyo.

Gari nalo lina mipaka yake. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huinyanyua sehemu ya mbele ya gari: katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.6, kilo 100 zinazoning'inia mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma huiongezea ekseli hiyo kilo 146 hivi na kuipunguzia ya mbele kilo 46. Usukani unakuwa mwepesi, na taa za mbele zinawamulika machoni wanaokuja.

Sasa nieleze unafuu ulipo. Haumo katika chuma wala katika bolti. Kwanza umo katika kununua ndoano iliyokwisha kutumika, iliyofunguliwa kwenye gari la aina ileile lililokatwa kwa vipuri, mradi isiwe imepinda wala kuchomelewa upya. Pili umo katika ufungaji, kwa sababu kazi hiyo, ikifanywa kwa bolti, haihitaji mtambo wowote zaidi ya jeki, stendi imara, soketi na spana yenye kipimo cha ukazaji. Hilux na Prado zina chesisi kamili ambayo fundi anaiona mara tu anapoinama. Noah, Probox na IST hazina chesisi ya aina hiyo. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na chini yake, kulia na kushoto, kuna mihimili miwili ya bati iliyo wazi ndani. Hiyo ndiyo inayopaswa kubeba ndoano, na baadhi ya magari huja na matundu tayari, yamezibwa kwa plagi za mpira.

Shida ambayo huwafanya mafundi wakimbilie mashine ya kuchomelea ni kwamba mkono haupiti ndani ya mhimili ili kuweka bolti. Dawa yake ni rahisi. Chukua waya mgumu, usukume kupitia tundu la bolti mpaka ncha yake itokeze kwenye tundu kubwa lililo jirani. Uvike kwanza bamba nene lililotobolewa katikati, ambalo litausambaza mzigo ili bati lisiraruke, kisha uizungushie ncha hiyo kwenye meno ya bolti. Ingiza vyote kwa tundu kubwa na uvute waya polepole mpaka bolti ichungulie mahali pake. Bila bamba lile, kichwa cha bolti huzama kidogo kidogo ndani ya bati mpaka kikapenya. Bolti ziwe na alama ya uimara ya 8.8 au zaidi kichwani, na zisizo na alama yoyote zirudishwe dukani. Tundu lililotobolewa upya lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, na bolti zote zikazwe tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbaya.

Jambo jingine dogo ambalo mafundi wetu wanalimudu: bomba la mraba la milimita 50 linalopatikana madukani, likitumika kama shina la keria, huingia kwenye tundu la inchi 2, lakini linalegea kidogo na kugonga njia nzima. Fundi aweke bolti ya kubana pembeni, pamoja na pini ya milimita 16 yenye klipu, na lisiwe bomba jembamba.

Baiskeli zikikaa nyuma huficha taa za breki, indiketa na namba za usajili. Hilo ni kosa barabarani na ni hatari usiku, kwa hiyo ubao wenye taa zake uning'inizwe nyuma ya mzigo. Waya zake zipitishwe kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi, kwa sababu kuziunganisha moja kwa moja na waya za taa za gari kunaweza kuziunguza.

Ombi langu ni kwa chuo cha ufundi cha VETA Tabora na ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Mnao walimu wa uchomeleaji na wa ufundi wa magari. Tengenezeni vielelezo vya ndoano kwa magari yanayotumika zaidi hapa mkoani, vyenye vipimo vya matundu, unene wa chuma na idadi ya baiskeli zinazoruhusiwa, kisha mvibandike mahali ambapo fundi yeyote anaweza kuvinakili. Ndoano inayotoka katika karakana zenu igongwe muhuri wa kikomo chake cha uzito kwenye chuma chenyewe, mahali ambapo askari wa usalama barabarani ataweza kuusoma bila kulala chini ya gari. Kwa kuanzia, Noah na Probox zingetosha.

Msomaji wenu,
Cheyo, Tabora