Ndoa haikumharibu Spider-Man

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni nijibu hoja iliyotolewa hivi karibuni katika kurasa za burudani za gazeti hili, kwamba Spider-Man wa vitabu vya katuni aliharibika alipomwoa Mary Jane Watson, na kwamba mapenzi na wahusika wa pembeni ni mapambo ya kumpumzisha msomaji kati ya pambano moja na jingine. Hoja hiyo hupendwa na watu waliomjulia Spider-Man kwenye sinema. Aliyesoma matoleo yenyewe ya The Amazing Spider-Man hawezi kuikubali. Mapigano ndani ya matoleo hayo yanafanana sana. Kinachotofautisha mwaka mmoja na mwingine ni watu wanaomzunguka Peter Parker, kijana ambaye kwa siri ndiye Spider-Man.

Stan Lee na Steve Ditko walipomwanzisha mwaka 1962 walimpa tatizo ambalo mashujaa wengi wa wakati ule hawakuwa nalo: kila anayempenda Peter ana sababu yake ya kumchukia Spider-Man, au kinyume chake. Mtazame Betty Brant, katibu muhtasi wa J. Jonah Jameson katika gazeti la Daily Bugle, aliyeingia toleo la 4 mwaka 1963. Anampenda Peter kwa dhati. Katika toleo la 11 kaka yake, Bennett, anauawa katika vurumai ya Doctor Octopus, adui wa Spider-Man, na kuanzia hapo Betty hataki hata kumwona Spider-Man. Peter afanye nini? Akisema ukweli anampoteza, akinyamaza anamdanganya kila siku. Betty mwishowe anamgeukia mwandishi Ned Leeds, mwanamume mwenye maisha yanayoeleweka. Mapenzi yale hayakuvunjwa na adui yeyote wa kupigana naye.

Felicia Hardy, yaani mwizi Black Cat, aliyetokea mwaka 1979, ni Betty aliyegeuzwa nje ndani. Yeye anaipenda barakoa. Katika Spectacular Spider-Man toleo la 87, mwaka 1984, Peter anamvulia barakoa na kumwonyesha chumba chake cha kupanga, na Felicia anamwomba aivae tena. Sihitaji kusema zaidi juu yake, maana tukio hilo moja linatosha kueleza kwa nini wasingedumu.

Suala kubwa ni wapenzi wawili wakuu wa Peter, Gwen Stacy na Mary Jane Watson, na hapa ndipo wapenzi wa katuni hizi wanapogombana hadi leo.

Gwen anakumbukwa kama malaika, lakini sivyo alivyoandikwa mwanzo. Katika toleo la 31, Desemba 1965, Ditko alimchora msichana mwenye majivuno na ulimi mkali, anayekasirika kwa sababu mwanafunzi mpya wa chuo, Peter, anampita bila salamu. Peter hamwoni kwa kuwa akili yake yote iko hospitalini alikolazwa Bi May, mama yake mkubwa aliyemlea. Gwen yule alikuwa na uhai. Ditko alipoondoka baada ya toleo la 38 na John Romita akashika kalamu, Gwen alipendeza zaidi na kulainika zaidi, mwaka hadi mwaka, mpaka kazi yake kuu ikawa kulia. Toleo la 90, mwaka 1970, baba yake, Kapteni George Stacy, anafunikwa na kifusi akimwokoa mtoto. Kabla ya kukata roho anamwonyesha Peter kwamba siku zote alijua siri yake, na anamwachia Gwen amtunze. Gwen, asiyejua lolote, anamchukia Spider-Man.

Msomaji makini ataona kasoro mara moja: hii ni hadithi ya Betty Brant, ndugu ameondolewa, baba amewekwa. Waandishi walikuwa wamefika ukingoni. Zilibaki njia tatu tu: amwambie, amwoe, au Gwen afe. Mwanzoni, katika mazungumzo ya ndani, aliyefikiriwa kufa alikuwa Bi May. Romita ndiye aliyependekeza Gwen, na Gerry Conway, mwandishi wa miaka 20 tu, akaandika toleo la 121 la Juni 1973.

Ukurasa ule unastahili kutazamwa taratibu. Green Goblin, adui mkubwa wa Spider-Man, anamsukuma Gwen kutoka juu ya daraja. Maneno yanaitaja George Washington Bridge, ingawa mnara uliochorwa ni wa Brooklyn Bridge. Spider-Man anarusha utando, unamnasa Gwen mguuni, na karibu na shingo yake limeandikwa neno dogo la mlio, kama kijiti kinachovunjika. Peter anamvuta juu akijisifu kwamba amemwokoa. Goblin anadai kwamba anguko lenyewe lilikwisha kumuua. Wasomaji wakaandika barua nyingi, na katika toleo la 125 Roy Thomas, mhariri wa wakati huo, alijibu wazi: kilichomuua ni kule kusimamishwa kwa ghafla. Hesabu inamuunga mkono. Mtu akianguka mita 90, akifika chini ana kasi ya takriban mita 42 kwa sekunde, yaani kilomita 150 kwa saa. Kasi hiyo ikikatwa ndani ya nusu sekunde, mwili unabeba nguvu ya zaidi ya mara 8 ya uzito wake, na shingo ndiyo inayoumia kwanza. Peter angerusha tando kadhaa zinazonyumbulika, au angeruka mwenyewe ashuke naye huku akipunguza mwendo kidogo kidogo, pengine angepona. Kwa hiyo kifo kile hakikutokana na uzembe wala uovu wa Peter. Kilitokana na msaada uliotolewa kwa njia isiyofaa, na ndiyo maana kinauma miaka 50 baadaye.

Lakini wanaoisifu 121 husahau 122, na bila 122 hadithi haijakamilika. Goblin amekufa kwa chombo chake mwenyewe cha kurukia. Peter amerudi nyumbani, Mary Jane yupo. Peter anamfokea, anamwambia aende zake, kwamba mtu kama yeye hawezi kumhurumia yeyote. Mary Jane anakwenda hadi mlangoni, machozi yanamtoka. Anasita. Kisha anaufunga mlango, naye yuko ndani. Visanduku vile vya mwisho vimeachwa karibu bila maneno. Tangu siku hiyo Mary Jane si yule tena, na waandishi hawakumfanyia hilo kwa kumtia hatarini ila kwa kumwachia uamuzi.

Wanafunzi wetu wa fasihi wanafundishwa tofauti ya mhusika bapa, asiyebadilika, na mhusika duara, anayebadilika na kuwa na undani. Mwalimu anayetafuta mfano wa bapa aliyegeuka duara mbele ya macho ya msomaji amchukue Mary Jane. Alitajwa kwa mara ya kwanza toleo la 15, mwaka 1964, kama binti wa jirani ambaye Bi May anataka kumkutanisha na Peter. Toleo la 25 akaonekana, uso umefichwa. Uso wenyewe ulikuja toleo la 42, Novemba 1966, mlangoni, kisanduku cha mwisho. Matoleo 27 ya kumkwepa! Kwa miaka mingi baadaye alikuwa msichana wa muziki na mizaha. Wakabusiana uwanja wa ndege katika toleo la 143, akaposwa katika toleo la 182 mwaka 1978, akakataa katika 183. Wasomaji wakamwona mwepesi. Hatimaye mwaka 1984, toleo la 257, anamwambia Peter kwamba anajua yeye ni Spider-Man, na katika 259 anaeleza maisha yake: baba aliyeshindwa na kazi akamalizia hasira nyumbani, familia iliyohamahama, dada aliyebaki na watoto baada ya ndoa kuvunjika, na yeye mwenyewe aliyekimbia. Rudi sasa usome 183. Kukataa kule kunaeleweka kabisa. Kicheko chake kilikuwa barakoa, sawasawa na ya Peter, na hicho ndicho kitu ambacho Gwen, Betty na Felicia hawakuwa nacho.

Kuhusu ndoa yenyewe, nakubali kwamba harusi ya 1987 iliharakishwa. Stan Lee alitaka kuwaoza katika katuni ya kila siku ya magazetini, na vitabu vikalazimika kwenda sambamba: posa toleo la 290, jibu toleo la 292, harusi katika Annual (toleo maalumu la mwaka) ya 21. Kampuni ikaigiza harusi mbele ya watazamaji katika uwanja wa Shea, New York, tarehe 5 Juni 1987. Haraka ile ilileta madhara. Mary Jane, aliyekuwa ameandikwa vizuri miaka mitatu nyuma, akageuzwa mwanamitindo wa kutekwa na kuokolewa, au mke wa kukesha dirishani. Hapo ndipo wengine walipohitimisha kwamba ndoa inamzeesha shujaa na kuziba visa. Mimi naona kilichoziba visa ni kumnyima mke kazi, marafiki na matatizo yake mwenyewe. Alipopewa hivyo, kurasa za nyumbani zilikuwa bora kuliko za juu ya mapaa.

Ushahidi mkubwa uko katika namna ndoa ilivyoondolewa. Katika hadithi ya One More Day, iliyomalizikia toleo la 545 mwishoni mwa 2007, Bi May amepigwa risasi, na Peter na Mary Jane wanampa shetani Mephisto ndoa yao ili apone. Wengi walilalamikia shetani. Hasara kubwa zaidi ilikuwa nyingine: siri ya Peter ilifutwa vichwani mwa watu, akiwemo Bi May. Mwaka 2002 J. Michael Straczynski na John Romita Mdogo walikuwa wametoa toleo zima la watu wawili wakizungumza. Peter anakiri kwamba Ben, mume wa Bi May, alikufa kwa sababu yeye alimwachia mwizi apite, na Bi May anakiri kwamba usiku ule yeye na mumewe walikuwa wamekorofishana, ndipo Ben akatoka kutembea. Kila mmoja alikuwa amebeba lawama peke yake miaka yote. Kufuta ndoa kulifuta na mazungumzo yale. Ukimwondoa mtu mmoja katika hadithi hii, unawavuruga watano.

Hao wengine nao si mapambo. Harry Osborn, rafiki wa Peter, anazidiwa na vidonge vya kulevya katika matoleo ya 96 hadi 98, mwaka 1971, visa vilivyoandikwa kwa ombi la wizara ya afya ya Marekani na kutoka bila muhuri wa idhini wa Comics Code, kanuni za maadili za vitabu vya katuni. Robbie Robertson, mhariri mweusi aliyeingia toleo la 51 mwaka 1967, ndiye anayeshika adabu ya kazi katika chumba cha habari cha Jameson. Flash Thompson, mwonevu wa shuleni anayemwabudu Spider-Man, anapoteza miguu yote miwili vitani Iraq katika toleo la 574. Anasema alijiuliza shujaa wake angefanya nini. Hajui kwamba shujaa huyo ndiye Peter, yule yule aliyekuwa akimnyanyasa.

Kwa anayetaka kusoma, aanze na 42, kisha 90, 96 hadi 98, 121 na 122 kwa pamoja, 182 na 183, ndipo 257 hadi 259. Awe mwangalifu na namba. Mfululizo ulianza upya kwa 1 mwaka 1999, ukarudishiwa hesabu ya zamani kwa kurukia 500 mwaka 2003, na umeanza upya tena zaidi ya mara moja. Toleo la 38 la 1966 ni la mwisho la Ditko. La 38 la 2002 ndilo la mazungumzo ya Bi May. Anayenunua kwa namba bila mwaka ataletewa kitabu kingine. Hadithi ya matoleo ya 509 hadi 514, inayompa Gwen watoto wa Norman Osborn, yaani Green Goblin mwenyewe, airuke. Waandishi waliofuata waliitengua mwaka 2021.

Na kwa anayeshikilia kwamba mume hauziki, atazame Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto, iliyoanza Januari 2024. Peter ni mtu mzima, mume wa Mary Jane, baba wa Richard na May mdogo, na ndipo anapata nguvu zake. Ben yu hai, ameacha kazi pamoja na Jameson kuanzisha gazeti lao. Toleo la kwanza lilibidi lichapishwe tena na tena.

Ninachoomba ni kwamba mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii ataje matoleo na miaka anayoyategemea, wasomaji tuweze kuyafungua na kujibizana naye ukurasa kwa ukurasa.

Msomaji wenu,
Tanga