Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: KARANGA SHULENI

Muhula umekwisha na ripoti mmeshazipata. Nina jambo moja tu la kuzungumza nanyi.

Mmesikia yaliyotokea muhula huu. Mtoto mwenye mzio mkali wa karanga alimegewa biskuti na rafiki yake. Hazikupita dakika 10 akawa anajikuna shingo, midomo imevimba, sauti haitoki. Sindano yake ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ilikuwa ofisini kwangu, kwenye kabati lililofungwa. Tuliutafuta ufunguo huku mtoto akihema kifuani pa mwalimu wake. Alichomwa pajani, akakimbizwa hospitali, akapona. Kosa la kabati ni langu, na wazazi wake nimewaomba radhi. Sasa sindano zinakaa mahali pasipofungwa, na wafanyakazi wote, hadi mlinzi, wamefundishwa kuzitumia.

Baadhi yenu mnataka karanga zipigwe marufuku shule nzima. Wengine mmeniuliza kwa nini mamia wajinyime kwa ajili ya mmoja. Silioni hilo kuwa swali la uchoyo, maana karanga ni lishe nzuri. Lakini mtoto huyu hakuchagua mzio, na chembe tu inaweza kumuua.

Marufuku ya shule nzima sitaiweka. Siwezi kupekua kila mkoba, na nachelea walimu wangebweteka wakidhani hatari imeisha. Naomba hivi: darasa lenye mtoto wa namna hii, msiwafungie wanenu karanga, siagi yake wala kitafunwa chenye karanga. Watoto wa madarasa mengine wanaweza kuzila, kisha wanawe mikono kwa maji na sabuni. Jeli ya kusafishia mikono haiondoi mabaki ya karanga.

Mzazi ambaye mwanao ana mzio, siku ya kufungua njoo na maelezo ya daktari na sindano 2, kwa sababu moja huenda isitoshe. Angalia tarehe ya kuisha muda. Vidonge vya kutuliza muwasho havichukui nafasi ya adrenalini.

La mwisho ni gumu kwangu: watoto wasipeane chakula. Ni sisi tuliowafundisha kugawana. Yule aliyemega biskuti bado anajilaumu, na juzi alikuja kuniuliza kama rafiki yake atarudi muhula ujao. Nimemwambia atarudi, na wataendelea kukaa dawati moja. Tafadhali, mkizungumzia jambo hili nyumbani, msimtaje kwa ubaya.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu